Kuchagua Taima Mbadala ya Mfumo wa Kupasha Joto Nyumba: Mwongozo Kamili

Taima ya mfumo wa kupasha joto ikiharibika, watu wengi huanza kutafuta nyingine kwa kuangalia sura yake: ukubwa wa kioo, idadi ya vitufe, kama inaongea na simu au haiongei. Huko ni kuanzia mwisho. Kinachoamua ni taima ipi itafaa nyumbani kwako ni nyaya zilizo nyuma ya ile ya zamani, aina ya boila ambako nyaya hizo zinaelekea, na umeme unaopita ndani yake. Taima mbili zinaweza kufanana kama pacha kwa mbele na zikatofautiana kabisa kwa nyuma, na isiyofaa ikifungwa unaweza kuishia na nyumba ya baridi, tangi lisiloacha kuchemka, au bodi ya boila iliyoungua siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unakwenda kutoka nyuma kuja mbele, na vitufe vitasubiri hadi zamu yao ifike.

Mfumo ninaouzungumzia ni ule ambao boila moja hupasha maji, pampu ikayasukuma kwenye rejeta (vipasha joto vya ukutani) za vyumba vyote, na mara nyingi maji hayohayo ya boila yakapasha pia tangi la maji ya kuogea. Taima inayojitegemea ukutani, mbali na themostati, imeenea zaidi Uingereza na Ayalandi, ambako umeme wa nyumbani ni wa volti 230, na mifano yangu mingi inatokana na mifumo ya huko. Marekani na Kanada hali ni nyingine: udhibiti hutumia volti 24 na ratiba huwa ndani ya themostati yenyewe, kwa hiyo msomaji aliye huko atafaidika na sehemu inayohusu ratiba kuliko sehemu inayohusu nyaya.

Hatua ya kwanza: hakikisha mgonjwa ni taima

Taima husingiziwa mengi. Kioo kikiwa cheusi kabisa, angalia kwanza fyuzi ya swichi inayolisha mfumo, ambayo kwa kawaida ni ya ampea 3, na kama taima inatumia betri, weka mpya kabla ya kufikiria jambo lingine. Kioo kikiwaka lakini nyumba haipati joto, pandisha themostati ya chumba hadi juu kabisa, weka taima katika hali ya kuwaka muda wote, kisha tega sikio. Ukisikia mlio mdogo wa relei, yaani swichi ya ndani inayoendeshwa kwa umeme, "tik", huenda taima imefanya kazi yake na tatizo liko mbele zaidi: vali, pampu, au shinikizo la maji lililoshuka. Mfumo uliofungwa kwa kawaida huwa na shinikizo la kama bar 1 hadi 1.5 maji yakiwa baridi, na boila nyingi hukataa kuwaka likishuka sana.

Kesi ngumu ni ile ya joto lisilozimika. Hapo kila mtu huilaumu taima, na ni kweli kwamba miguso ya relei yake inaweza kugandana kwa joto na kubaki imefunga. Lakini kuna mshukiwa wa pili. Katika mifumo mingi taima haiwashi boila moja kwa moja, bali huipa umeme vali yenye mota. Vali ikishafunguka, hubonyeza swichi ndogo iliyo ndani yake, na ni swichi hiyo inayopeleka umeme kwenye boila na pampu. Swichi hiyo ikinata, boila itaendelea kunguruma usiku kucha ingawa taima imezima saa nyingi zilizopita. Fundi ana njia ya haraka ya kutenganisha washukiwa hawa: huzima umeme wa mfumo, huchomoa taima kwenye kitako chake, halafu hurudisha umeme huku kila mtu akikaa mbali na kitako hicho, ambacho sasa kina vyuma vitupu vyenye volti 230. Boila ikiwaka wakati taima imelala mezani, taima haina hatia, na ungenunua mpya bure. Kama hujazoea kufanya kazi na umeme, jaribio hili mwachie fundi.

Dalili moja huielekea taima bila ubishi mwingi, nayo ni kusahau. Taima za kielektroniki hutunza saa kwa betri ndogo ya ndani au kwa kapasita, na kadiri miaka inavyopita hifadhi hiyo huchoka. Ikiwa kila umeme unapokatika kwa dakika chache taima inarudi kwenye 00:00 na ratiba imefutika, umri umefika.

Hatua ya pili: jua una mfumo gani

Swali la kwanza ni kama nyumba ina tangi la maji ya moto. Kama haina, na boila hupasha maji papo hapo bomba linapofunguliwa, basi boila hujiamulia yenyewe suala la maji, na taima inatakiwa kuongoza rejeta tu. Utahitaji taima ya chaneli moja. Kama tangi lipo, utahitaji chaneli mbili, moja ya rejeta na nyingine ya maji, ili maji yaweze kupashwa wakati wa joto bila kuwasha rejeta. Nyumba iliyogawanywa kanda mbili, kwa mfano ghorofa ya juu na ya chini kila moja kwa saa zake, huhitaji chaneli tatu ikiwa ina tangi pia.

Kwa wenye tangi, swali halijaisha. Nenda mahali lilipo tangi uangalie vali zenye mota, yaani vile visanduku vidogo vilivyokaa juu ya mabomba vikiwa na waya mmoja mnene unaotoka ubavuni. Ukikuta vali mbili, kila moja ikiwa na mabomba mawili tu, huo ni mfumo ambao maji na rejeta kila kimoja kina mlango wake. Ukikuta vali moja iliyounganishwa na mabomba matatu, huo ni mfumo wa vali ya kati, ambao hugawa maji upande huu, upande ule, au pande zote mbili kwa pamoja. Mafundi wa Uingereza huuita wa kwanza mpango wa S na wa pili mpango wa Y. Majina hayo yakariri, kwa kuwa yatakusaidia dukani na kwenye maelezo ya mtengenezaji.

Usipokuta vali yoyote, huenda mfumo ni wa zamani zaidi: pampu inasukuma maji ya rejeta peke yake, na maji ya tangi hupanda yenyewe kwa sababu maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi. Katika mfumo huo hakuna namna ya kuwasha rejeta bila tangi nalo kupata joto, na taima lazima ikubali ukweli huo. Taima nyingi za chaneli mbili zina kiswichi kidogo mgongoni kinachochagua kati ya mfumo wa namna hiyo na mfumo unaosukumwa wote na pampu. Kiswichi hicho hakifikiki tena taima ikishakaa ukutani, na ndiyo maana husahaulika sana.

Hatua ya tatu: fungua, piga picha, soma kitako

Zima umeme wa mfumo kwenye swichi yake au kwenye kikata umeme cha nyumba, na uhakikishe hakuna mtu atakayeuwasha ukiwa kazini. Kisha tumia testa ya ncha mbili, si bisibisi yenye taa, kuthibitisha kwamba hakuna umeme. Testa ijaribiwe kwanza mahali penye umeme, ndipo ijaribiwe kwenye nyaya ulizozima, kisha irudishwe tena penye umeme kuona kwamba haikufa katikati. Na fahamu kwamba kuzima taima kwa kitufe chake si kuzima umeme, maana nyuma yake volti 230 zinabaki palepale.

Taima nyingi hushikiliwa na skrubu mbili upande wa chini. Ukizilegeza, taima hujiinua na kutoka, na ukutani hubaki bamba la plastiki ambalo nyaya zote zimefungwa. Hicho ndicho kitako, na ndicho kinachoweza kukuokolea siku nzima ya kazi. Uingereza watengenezaji wengi hutumia kitako cha mpangilio mmoja, chenye terminali N na L, kisha 1, 2, 3 na 4. Kwa taima ya chaneli mbili yenye kitako hicho, N ni nyutro (waya wa kurudisha umeme), L ni laivu (waya wa kuleta umeme), 1 hutoa umeme maji yakiwa yamezimwa, 2 hutoa umeme rejeta zikiwa zimezimwa, 3 huwasha maji na 4 huwasha rejeta. Ukipata taima mpya ya mpangilio huohuo na idadi hiyohiyo ya chaneli, huenda usiguse waya hata mmoja: unatoa ya zamani, unaning'iniza mpya, unakaza skrubu mbili. Hata hivyo, usiamini umbo peke yake. Vitako vinaweza kufanana huku maana ya namba ikitofautiana, hasa kati ya taima ya chaneli moja na ya chaneli mbili, kwa hiyo linganisha mchoro wa taima ya zamani na mchoro wa mpya, terminali kwa terminali, kabla ya kulipa.

Piga picha tatu au nne kwenye mwanga mzuri: moja ya kitako kizima, nyingine za karibu zinazoonyesha waya upi umeingia kwenye terminali ipi. Kisha andika kwenye karatasi pia, kwa sababu picha haionyeshi waya uliojificha nyuma ya mwenzake. Bandika kipande cha tepu chenye namba kwenye kila waya. Rangi zisikudanganye. Nyumba za zamani za Uingereza zina laivu nyekundu na nyutro nyeusi, wakati mpangilio mpya ni kahawia kwa laivu na buluu kwa nyutro. Zaidi ya hapo, katika mifumo ya kupasha joto fundi huishiwa rangi, na waya wa buluu unaweza kuwa ndio unaopeleka umeme kwenye vali. Waya wa kijani na njano, ambao ni ethi, utaukuta umefungwa kwenye terminali ya pembeni ambayo haiendi popote ndani ya taima. Hapo umeegeshwa tu ili usielee, nawe uuegeshe vivyo hivyo kwenye kitako kipya.

Kuna mambo mawili ya kutazama kwa makini kabla ya kufunika. La kwanza ni kama nyutro ipo. Baadhi ya taima hutumia betri na zina nyaya mbili tu ukutani, mmoja ukiingia na mwingine ukitoka. Hapo taima yoyote inayohitaji umeme wa ukutani ili iishi haitafaa bila kuvuta waya mpya, na hiyo inajumuisha karibu vipokezi vyote vya taima za kisasa zinazoongozwa kwa simu. La pili ni kipande kifupi cha waya kinachounganisha terminali mbili za kitako hichohicho. Kinaonekana kama uchafu uliosahaulika, kumbe kina kazi kubwa, na nitakirudia.

Hatua ya nne: terminali ambayo watu huiacha

Mtu mwenye mfumo wa vali ya kati, wenye bomba tatu, anapaswa kusoma sehemu hii mara mbili. Vali hiyo ina nyaya za kupokea amri. Waya mweupe hupokea umeme rejeta zinapohitaji joto. Waya wa kijivu hupokea umeme maji yanapokuwa hayahitajiki, ama kwa sababu taima imeyazima, ama kwa sababu themostati ya tangi imeridhika. Mweupe ukipata umeme peke yake, vali hukaa katikati na maji ya boila huenda pande zote mbili. Mweupe na wa kijivu wakipata umeme pamoja, vali husogea hadi mwisho na maji huenda kwenye rejeta tu.

Sasa fikiria mwenye nyumba amenunua taima nzuri yenye chaneli mbili ambayo haina terminali ya "maji yamezimwa". Anafunga maji, anafunga rejeta, na ule waya uliokuwa kwenye terminali 1 anaukosea mahali, basi anaukunja na kuufunika kwa kifuniko. Siku ya kwanza kila kitu kinaonekana kizuri. Rejeta zinawaka, maji ni ya moto. Tatizo hujitokeza pale anapozima maji na kuacha rejeta peke yake: waya wa kijivu haupati amri kutoka kwa taima, vali inabaki katikati, haifiki mwisho ambako swichi yake ingeiwasha boila, na rejeta zinabaki baridi. Hakuna kilichoharibika, ila analazimika kuwasha maji kila anapotaka rejeta, na anaweza kukaa miaka bila kujua kwa nini.

Mfumo wa vali mbili hauna haja ya terminali hiyo, na kwenye kitako chake utakuta namba 1 ni tupu. Kwa hiyo kanuni ya kununulia ni nyepesi: hesabu terminali zenye waya kwenye kitako cha zamani, na taima mpya iwe na kazi ileile kwa kila moja. Terminali moja ya ziada kwenye taima mpya haina madhara. Inayokosekana ndiyo yenye madhara. Ukikuta waya usiouelewa, usiukate. Huenda ni wa themostati ya baridi kali, ambayo huiruka taima na kuwasha boila joto likishuka karibu na kuganda, ili mabomba yasipasuke wakati nyumba iko tupu.

Hatua ya tano: volti na ampea

Taima huendesha mfumo kwa moja ya njia mbili. Ya kwanza ni kutoa umeme: volti 230 zinaingia kwenye L, na taima inazipitisha kwenda kwenye vali au boila. Ya pili ni kufunga na kufungua njia tu, kama swichi ya kawaida isiyo na umeme wake, na kinachopita humo ni umeme wa boila yenyewe, ambao kwa baadhi ya boila za kisasa zinazopasha maji papo hapo ni volti 24 au pungufu. Taima ya namna ya pili huelezwa kuwa na miguso isiyo na volti, na terminali zake kwa kawaida huandikwa COM (ya pamoja), NO (iliyo wazi taima ikiwa imezima) na NC (iliyofungwa taima ikiwa imezima).

Ukipeleka volti 230 kwenye terminali za boila zilizotengenezwa kwa volti ndogo, bodi yake inaungua, na bodi ni miongoni mwa vipuri ghali zaidi vya boila. Taima za chaneli mbili mara nyingi zimeunganishwa kwa ndani na laivu na haziwezi kufanya kazi ya pili hata ukizibembeleza. Taima nyingi za chaneli moja zinaweza kufanya zote mbili, na hapa ndipo kile kipande kifupi cha waya kinapoingia: kikiunganisha L na COM, taima inatoa volti 230, kikiondolewa, miguso inabaki bila volti. Kosa linakwenda pande zote. Kukiacha kwenye boila ya volti ndogo ni kuiua boila, na kukisahau kwenye mfumo wa volti 230 ni kupata taima inayoonyesha kwamba imewaka huku rejeta zikiwa baridi, kisha mnunuzi anairudisha dukani kwa madai kwamba ni mbovu. Mwongozo wa boila husema inahitaji ipi. Usipoupata, soma mchoro uliobandikwa ndani ya kifuniko cha sehemu ya udhibiti, au muulize fundi. Kumbuka kwamba Uingereza kufungua kasha la boila ya gesi ni kazi ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, na taima iliyochomekwa kwenye uso wa boila yenyewe inaweza kuwa ndani ya eneo hilo.

Kuhusu ampea, kibandiko cha taima kinaweza kuandika 3(1)A. Namba ya nje ni mzigo wa kawaida, na ya kwenye mabano ni mzigo wenye koili au mota, kama vile pampu, ambao huumiza miguso zaidi. Kwa boila, pampu na vali hicho hutosha. Kwa hita ya umeme iliyozamishwa kwenye tangi hakitoshi hata kidogo: hita ya kilowati 3 kwenye volti 230 hula kama ampea 13, na inahitaji taima yake maalumu au kontakta (swichi ya mizigo mikubwa inayoendeshwa kwa umeme) katikati.

Hatua ya sita: sasa tazama uso wake

Taima zilizobaki mkononi baada ya mchujo huo zote zitafanya kazi. Zinatofautiana kwa namna ya kuishi nazo, na hapa swali la maana ni nani atakayezigusa.

Taima ya duara yenye pini, ambayo huzunguka mara moja kwa saa 24, huonekana ya kizamani, lakini mzee asiyeona maandishi madogo huielewa kwa kuitazama tu: pini zilizosukumwa upande wa kuwasha ni saa za joto. Upungufu wake ni kwamba kila siku ni sawa na nyingine, vipimo vyake huwa vya dakika 15 au 30, na umeme ukikatika kwa saa mbili itabaki nyuma kwa saa mbili hadi mtu airekebishe. Taima ya kielektroniki ya mpango wa siku 5 na 2 hutenganisha siku za kazi na za mapumziko, na ya siku 7 huipa kila siku ratiba yake. Kwa maoni yangu, mwenye kazi ya saa za kawaida hahitaji zaidi ya 5 na 2. Mpango wa siku 7 unamfaa mfanyakazi wa zamu, na kwa wengine huwa ni kuandika ratiba moja mara saba. Kwa siku, vipindi vitatu vya kuwaka na kuzima ndivyo vya kawaida, navyo hutosha karibu kila familia.

Vitufe viwili vina thamani kuliko vingine vyote: kinachoongeza saa moja ya joto bila kugusa ratiba, na kinachorukia kipindi kinachofuata. Hali ya likizo ni nzuri kuwa nayo. Uwezo wa taima kujibadilishia saa kwa majira ya kiangazi, ambayo Ulaya hufanyika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, ni faida kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa taima nyingi hukaa saa moja kombo nusu mwaka kwa sababu hakuna anayekumbuka kitufe cha kuirekebisha.

Unaweza pia kuunganisha taima na themostati ya chumba kuwa kifaa kimoja, ambapo badala ya kuwaka na kuzima unapanga nyuzi 20 asubuhi, 16 mchana na kadhalika. Mimi naipendelea njia hii kwa nyumba isiyo na tangi. Kwa nyumba yenye tangi, kifaa hicho kinasimamia rejeta tu, na maji bado yatataka taima yake, jambo ambalo wauzaji hawalisemi kila mara. Aina zisizo na waya huwa na kipokezi ukutani na kitumaji chenye betri chumbani. Kuta nene za mawe na sufu ya kuhifadhi joto yenye karatasi ya alumini huzima mawimbi, kwa hiyo jaribu mawasiliano kabla ya kutoboa ukuta. Soma pia kipokezi hufanya nini kikipoteza mawasiliano: vingine huzima kabisa, vingine huwasha kwa vipindi ili mabomba yasigande.

Kuhusu taima za intaneti nitasema machache. Uliza kama ratiba inaendelea intaneti ikikatika, kama kuna kitufe cha mkono ukutani kwa mgeni asiye na programu kwenye simu, na kama baadhi ya kazi zinalipiwa kila mwezi. Kama jibu la mojawapo halieleweki, endelea na nyingine. Ikiwa boila yako inakubali OpenTherm, ambayo kupitia nyaya mbili za volti ndogo huiambia boila ipashe maji hadi nyuzi ngapi badala ya kuiamuru iwake au izime tu, hapo kifaa cha bei zaidi kinaweza kustahili bei yake.

Hatua ya saba: kufunga na kujaribu

Umeme ukiwa umezimwa na kuthibitishwa, weka kwanza kiswichi cha mgongoni na kipande cha waya cha L na COM jinsi mfumo wako unavyotaka. Kama unabadilisha kitako, hamisha nyaya moja baada ya nyingine, na kila moja ivute kidogo baada ya kukaza skrubu. Waya unaotoka kwa mvuto mdogo ungetoka wenyewe baada ya misimu miwili ya joto na baridi. Shaba tupu isionekane nje ya terminali. Ning'iniza taima, kaza skrubu za chini, kisha ndipo urudishe umeme.

Jaribu hali zote nne wala usiishie kwenye inayokuvutia: rejeta na maji pamoja, rejeta peke yake, maji peke yake, na vyote vimezimwa. Katika kila hali themostati zote ziwe zimepandishwa, na usubiri kama dakika mbili kwa sababu vali huchukua muda kusogea. Rejeta zikiwa peke yake, angalia kama boila inawaka kweli. Ikibaki kimya kwenye mfumo wa vali ya kati, rudi hatua ya nne. Vyote vikiwa vimezimwa, boila inyamaze. Pampu inaweza kuendelea kwa dakika chache ikipoza boila, na hilo si kosa.

Kilichobaki ni kuweka saa, na hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana mtego wake peke yake. Taima huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi huandikwa 06:00 na saa tatu usiku huandikwa 21:00. Anayemsomea mwenzake ratiba kwa mdomo huku mwingine akibonyeza aseme namba za kioo, la sivyo nyumba itapashwa joto mchana watu wakiwa kazini. Rejeta ziwake nusu saa hadi saa moja kabla ya kuamka, kutegemea jinsi nyumba inavyoshika joto, na zizimwe kama nusu saa kabla ya kulala, kwa kuwa chuma kilichopata moto hakipoi papo hapo. Maji ya tangi yapewe kipindi kirefu cha kutosha kufikia nyuzi 60, kiwango kinachozuia bakteria wa Legionella kuzaliana, maana kuyafupisha hadi yakabaki vuguvugu ni akiba ya hatari.

Mwongozo wa taima mpya, picha za kitako na ile karatasi ya namba za nyaya viweke kwenye bahasha moja karibu na boila. Taima ya zamani, kama haikuungua, ihifadhi kwa wiki mbili za kwanza: jambo la ajabu likitokea usiku wa baridi, unaweza kuzima umeme, kuirudisha kwenye kitako, na kujua kabla hujamwita fundi kama kosa limekuja na mpya au lilikuwapo tangu mwanzo.